Karatasi ya Ishirini na Tatu

Saa nane na robo mchana, siku ya Ijumaa, Inspekta Rai Menza alipanda ngazi za Maktaba ya Bohari kwa mara ya tatu katika siku mbili, na goti lake la kushoto likamlaumu kila hatua. Alikuwa amebakisha miezi saba astaafu. Alikuwa amechoka na ngazi, amechoka na kesi za mashamba, na zaidi ya yote amechoka kuulizwa "mmefika wapi?" na watu ambao jibu walikuwa wanaliona usoni mwake.

Maktaba hiyo zamani ilikuwa bohari la korosho, katikati ya mji wa Ukunda, imebanwa baina ya duka la simu na fundi wa magodoro. Harufu ya korosho haijatoka hadi leo. Ukiingia utakuta wanafunzi wa kidato cha nne wanaojidai kusoma Kemia, wazee wanaogombania gazeti moja, kina mama waliokuja na barua za hospitali wasomewe, na mmoja wawili waliofuata pangaboi tu. Bi Hafsa, mkutubi, huwapokea wote. Asiyejua kusoma husomewa, asiyejua kuandika huandikiwa, na anayekoroma huguswa bega kwa rula.

Leo Bi Hafsa hakuwa na rula. Alikaa nyuma ya kaunta, mikono mitupu, utadhani mgeni katika ofisi ya mwenzake.

"Wamenipigia tena kutoka Kwale," alisema. "Wasema ikifika Jumatatu karatasi haijaonekana, mashtaka ni yangu. Kupoteza waraka wa serikali."

"Salamu kwanza, Bi Hafsa."

"Salamu zitakuja zikipata nafasi, Inspekta."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Ugawaji wa mashamba ya Vigandani ulikuwa umekamilika, na daftari la majina liliwekwa mahali pa watu kwa siku sitini, ili kila mmoja ahakikishe shamba lake limeandikwa kwa jina lake. Asiyeridhika huandika pingamizi. Siku sitini zikipita kimya, basi tena, jina lililoandikwa ndilo litakalopata hatimiliki. Daftari lililetwa Bohari kwa kuwa watu wa Vigandani huja hapo kila Alhamisi kusomewa na mzee aitwaye Mwalimu Amin. Lilikuwa na karatasi thelathini na moja, zilizopigwa chapa upande mmoja, majina kumi na mawili kila karatasi, yakifuata nambari za mashamba kuanzia moja. Siku ya sitini ilikuwa leo hii, na karatasi ya ishirini na tatu haikuwamo.

Nakala nyingine ilikuwako, naam. Ilikuwa Kwale, katika ofisi ya mpango wa Vigandani, ndani ya kabati la mkubwa aliyekwenda semina na ufunguo mfukoni. Makarani waliobaki walijua jambo moja tu, nao walilirudia kwenye simu mpaka Rai akalihifadhi: pingamizi lisilo na nambari ya shamba na jina la aliyeandikwa halipokelewi. Ofisi hufungwa saa kumi na moja kamili.

Mwenye haja na pingamizi hilo alikuwa amekaa kwenye benchi chini ya dirisha, kandambili zake amezipanga vizuri pembeni. Bi Chiku, mjane wa Abdurahman Boga. Rai alikaa kando yake, akalinyoosha goti.

"Shikamoo, Bi Chiku."

"Marahaba, baba. Hamjaiona?"

"Bado. Hebu nieleze tena, pole pole. Nitakuuliza niliyokuuliza jana, usichoke."

"Kuchoka nimeshachoka. Uliza."

"Ulijuaje kuna jambo?"

"Si wale waume watatu walikuja Jumanne na vigingi? Wakavipiga mpaka mlangoni mwa jiko. Nikawauliza, jamani, kulikoni? Wakaniambia mikorosho ile ina mwenyewe. Mikorosho niliyoipanda na marehemu, nikiwa na mimba ya mtoto wa kwanza!" Alivuta ukaya wake kichwani. "Ndipo nikaja kwa Bi Hafsa aniangalizie. Akafungua, akageuza, akageuza tena, nikamwona ashika kifua."

"Na siku majina yaliposomwa, wiki ile ya kwanza, wewe ulikuwapo?"

Bi Chiku alitazama sakafu. Jana swali hili alilikwepa kwa kukohoa. Leo hakukohoa.

"Nilikuwapo. Pale mkekani, mbele kabisa. Mwalimu Amin alisoma majina yote, watu wakawa waitikia, 'nimo, nimo.' Jirani yangu wa juu akasomwa. Wa chini akasomwa. Abdurahman Boga sikumsikia. Nikamfuata Mwalimu, nikamuuliza. Akaniambia, 'Umo, Bi Chiku. Jina lilipita, wewe ulisinzia.' Watu wakacheka. Nami nikacheka, ningefanyaje? Tangu siku hiyo wajukuu waniita Bibi Usingizi. Alhamisi siji tena. Nije nifuate nini, na masikio yangu yamezeeka?"

Rai hakuandika kitu. Alikuwa anamtazama mwanamke aliyelea watoto sita na mikorosho arobaini, na ambaye kwa wiki nane alikuwa amekubali kwamba alilala akiwa amekaa wima, mstari wa mbele, siku ya kusomwa shamba lake. Jambo hilo lilimuuma.

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Konstebo Hesbon aliingia akimtanguliza mtu mnene mwenye kofia nyeupe na simu mbili mkononi.

"Afande, huyu hapa. Baya, yule broker wa Kombani. Jina lake liko kwa kitabu cha wageni, Monday baada ya kusomwa. Alikaa na hiyo register lisaa lizima. Si tumfunge tu, tumalize hii story?"

"Nifungwe kwa kusoma?" Baya alimgeukia Rai. "Inspekta, mimi ni dalali. Dalali akiacha kuangalia mashamba atakula nini? Nilipiga picha daftari lote, sikatai. Kupiga picha si kukata."

"Picha unazo?"

"Ninazo zote. Mimi sifuti kitu."

Rai alivaa miwani, akaichukua simu. Picha zilikuwa safi, na kila moja ilikuwa na siku na saa yake. Jumatatu ile, saa mbili na dakika sita asubuhi, karatasi ya kwanza. Aliendelea kusukuma kwa kidole gumba, Hesbon akichungulia begani. Ishirini na moja. Ishirini na mbili. Ishirini na nne.

"Aisee," Hesbon alisema.

"Bi Hafsa," Rai aliita, "Jumatatu hiyo nani alimpa Baya daftari?"

"Ni mimi. Nilifungua kabati, nikalitoa, nikasimama naye mpaka akamaliza. Madalali siwaachi na karatasi."

"Alisimama juu ya kichwa changu," Baya alithibitisha, kwa uchungu kidogo.

"Na wewe hukuona kuwa imeruka?"

"Nilikuwa natafuta yaliyo karibu na barabara, Inspekta. Yale ya nyuma huko nani anataka?"

Rai alimrudishia simu, akamwambia akae asiondoke mjini. Akajivuta hadi kaunta. Kazi ya siku mbili ilikuwa imefupika, na hakufurahi hata kidogo. Alhamisi majina yalisomwa, na Jumatatu kulipokucha karatasi ilikuwa imeshakwenda. Siku za katikati daftari lilikuwa ndani ya kabati.

"Ufunguo?"

"Mmoja tu, nami hulala nao." Bi Hafsa alielewa alichokisema baada ya kukisema. Aliufunika mdomo kwa kiganja.

Hesbon alimsogelea Rai, akapunguza sauti. "Afande, hapo sasa ni yeye. Hakuna mwingine."

"Alhamisi ile nani alilirudisha daftari kabatini?"

"Mwalimu Amin," Bi Hafsa alijibu. "Kama kawaida yake, nami hufunga baadaye. Mimi nilikuwa nasimamia watu wanywe maji. Lakini Mwalimu, Inspekta! Mwalimu ndiye aliyeniambia nianzishe Alhamisi. Miaka kumi na mmoja asomea watu bure, mvua, jua, Ramadhani. Nyinyi mnatafuta wapi?"

Rai alimjua Mwalimu Amin kabla ya Bi Hafsa kumjua. Mwaka ambao Rai aliingia darasa la pili, huko Samburu, kwenye vumbi na malori, mwalimu kijana kutoka pwani alitumwa kwenye shule yao isiyokuwa na madirisha. Ndiye aliyemfundisha kusoma. Alikuwa akisahihisha kwa kalamu nyekundu, na mkono wake ulikuwa mzito hivi kwamba alama yake ya vema ilitokea hadi karatasi ya pili. Watoto walijua kuifurahia mara mbili: siku ya kusahihishwa, na kesho yake wanapoikuta imejichora kwenye ukurasa mtupu.

Hapo Rai alirekebisha miwani yake.

"Niletee daftari," alisema. "Na meza ile ya dirishani. Hesbon, zima taa hii ya juu."

"Tuzime taa, afande?"

"Zima."

Alilala nusu ya kifua juu ya meza, jicho likiwa usawa wa karatasi, jua la mchana likiingia kutoka upande. Wanafunzi wa Kemia waliacha kujidai wakatazama waziwazi. Kwenye daftari hilo kalamu zilikuwa marufuku. Bi Hafsa alizipiga marufuku mwenyewe siku ya kwanza. Lakini Mwalimu Amin alikuwa na kawaida yake ya tangu chuo cha Kurani: mwiba wa nungunungu aliofuatia mistari. Kila alipomaliza kulisoma jina, aliukandamiza mwiba huo pembeni, akachora vema isiyo na wino. Mbele ya macho ya kawaida haionekani. Kwa jua la ubavuni ilionekana kama mfereji mdogo.

"Njoo uone," alimwambia Hesbon. "Hii ni karatasi ya kumi. Hesabu."

"Tick kumi na mbili. Lakini kuna zingine hapa chini yake, za light light."

"Hizo ni za karatasi ya tisa. Zimepenya. Ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Na karatasi ya kumi na moja?"

"Deep, kumi na mbili. Light, kumi na mbili." Hesbon alianza kunogewa. Walikwenda karatasi kwa karatasi, na hadithi ilikuwa ile ile: alama nzito kumi na mbili, alama nyepesi kumi na mbili. Walifika ishirini na nne. Hapo nzito zilikuwa kumi na mbili pia.

"Sasa zile nyepesi," Rai alisema. "Hizo zimetoka kwenye karatasi isiyokuwapo. Hesabu vizuri, usiwe na haraka."

Hesbon alihesabu. Akahesabu tena kwa ncha ya kidole.

"Kumi na moja, afande. Ya nane haiko."

Rai alivua miwani. Hakuhitaji kuhesabu. Mtu mwenye mkono ule alikuwa amesoma majina saba, akaweka vema saba. Akafika la nane akaliona, hakulisoma, na hakuliwekea alama. Akaendelea la tisa hadi la kumi na mbili. Angetaka kudanganya vizuri angechora tu mfereji mmoja zaidi. Lakini Mwalimu Amin, tangu Rai amjue, hakuwahi kumwekea mtu vema asiyostahili.

"Kumi na mbili mara ishirini na mbili?"

"Mia mbili sitini na nne."

"Ongeza nane."

"Mia mbili sabini na mbili," Hesbon alisema polepole. "Hiyo ndiyo namba ya shamba. Afande! Tuko nayo!"

"Tuna nambari. Jina hatuna." Aliitazama saa ya ukutani. Saa tisa kasorobo. "Yuko wapi Mwalimu?"

Hapakuwa na haja ya kumtafuta. Mwalimu Amin alikuwa ameingia kitambo, kofia yake ya Ijumaa kichwani, akitoka msikitini, na alikuwa amesimama kando ya rafu za kilimo. Alikuwa anaitazama ile meza ya dirishani. Mzee mwembamba, mrefu, shati lake limepigwa pasi mpaka likang'aa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Rai. Goti bado?"

"Bado." Rai alimvutia kiti. "Keti, Mwalimu. Nina maswali machache, na muda hatuna."

Mzee aliketi. Bi Chiku, kule kwenye benchi, alimwamkia kwa heshima. Aliitikia bila kumtazama.

"Alhamisi ile uliyasoma majina yote mia tatu sabini na mawili?"

"Niliyasoma."

"La mia mbili sabini na mbili pia?"

"Watu walisikia."

"Bi Chiku hakusikia."

"Bi Chiku alisinzia. Nilimwambia siku ile ile."

Rai aliligeuza daftari kuelekea kwake, akalilaza kwenye jua, akaweka kidole pembeni ya karatasi ya ishirini na nne. Mwalimu Amin aliinama. Alitazama kwa muda mrefu kazi ya mkono wake mwenyewe, kisha akafanya jambo ambalo Rai alilitarajia na bado lilimvunja moyo: alihesabu. Midomo yake ilitikisika mpaka saba, ikasimama, ikaendelea.

"Nilikufundisha vibaya," alisema. "Ningekufundisha kidogo tu, ungeishia Samburu na mbuzi wako."

"Iko wapi, Mwalimu?"

"Haikutoka humu ndani. Kitu cha maktaba sitoi nje bila kuandikisha."

Bi Hafsa alitoa sauti ndogo. Mzee aliinuka, akarudi kwenye rafu za kilimo, akachomoa kitabu kinene kuhusu kilimo cha pamba, ambacho muhuri wake wa mwisho wa kuazimwa ulikuwa wa miaka thelathini iliyopita. Karatasi ilikuwa katikati, imenyooka, ukingo wake umekatwa kwa wembe na rula. Alikuja nayo kwa mikono miwili, Rai akauona mstari wa nane.

"Ni Swabir, mwanao?" Rai aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ni mwanangu, naam. Yeye ni karani wa wapima ardhi. Wallahi sikujua. Nilikuwa nasoma, watu waitikia, nafika mstari wa nane, jina la mwanangu lanitazama. Ulimi ukakataa. Nilipolirudisha daftari kabatini nikaikata karatasi nikaificha, nikifikiri nitamwendea jioni, nimwambie arekebishe, yaishe bila aibu. Nikamwendea. Akaniambia mnunuzi keshapatikana, na kama nampenda ninyamaze siku sitini tu. Siku sitini, Rai. Nimezihesabu moja moja. Kila Alhamisi nikiangalia pale mkekani, Bi Chiku hayupo."

"Na Bi Hafsa angeshtakiwa Jumatatu."

"Hilo la Kwale sikulijua. Nimelisikia sasa hivi, hapa niliposimama."

Rai alimwamini, na kumwamini hakukumsaidia mtu yeyote. Hesbon alikuwa tayari na pingu. Rai alimtikisia kichwa.

"Mwalimu, bado mstari mmoja. Simama pale unaposimama Alhamisi, uusome."

"Rai, mwanangu..."

"Hao watu ulisoma mbele yao. Soma."

Mzee alikwenda hadi ukingo wa mkeka. Wazee wa gazeti waliliweka gazeti chini. Bi Chiku aliinuka kwenye benchi, asijue bado anainukia nini. Mwalimu Amin alitoa mwiba wa nungunungu kwenye mfuko wa shati, akauweka chini ya mstari wa nane, na sauti yake ikatoka ile ile ya darasani, iliyonyooka, isiyomeza herufi.

"Shamba nambari mia mbili sabini na mbili. Vigandani. Swabir Amin."

Hakuna aliyeitikia "nimo." Mwiba ulibaki pale pembeni ya jina, kisha mzee akaurudisha mfukoni bila kuchora kitu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Bi Hafsa aliandika pingamizi kwa mwandiko wake wa duara, nambari na jina, na sababu kwa mistari minne. Baya, ambaye hakuombwa, alitoa kidau cha wino wake wa mihuri, na Bi Chiku akabonyeza kidole gumba. Saa tisa na dakika ishirini Hesbon aliondoka na Land Rover ya kituo, Bi Chiku mbele, pingamizi ndani ya bahasha, bahasha ndani ya leso, leso kifuani. Rai alipiga simu Msambweni ili Swabir achukuliwe kazini kwake. Kisha akaketi kumngojea Hesbon. Mwalimu Amin aliketi mkabala naye. Wanafunzi walirudi kwenye Kemia, na mama mmoja mwenye barua ya hospitali alisimama, akamtazama Mwalimu, akasita, mwishowe akampelekea Bi Hafsa.

Simu ililia saa kumi na dakika arobaini na tatu.

"Imegongwa stamp, afande!" Hesbon alipiga kelele juu ya mngurumo wa gari. "Walitaka kusumbua kidogo lakini namba iko, jina liko, wakashika. Kopi anayo mama hapa."

"Vizuri. Mrudishe mpaka nyumbani kwake, usimwache njiani."

"Sawa. Ngoja, anasema kuna message ya mwalimu. Anasema nikuambie vile amesema, nisibadilishe."

Rai alisikiliza. Akaizima simu, akaiweka mezani, akamtazama mtu aliyemfundisha kusoma.

"Pingamizi limepokelewa," alimwambia. "Na Bi Chiku akusalimu. Asema, kumbe hakusinzia."

Mwalimu Amin alivua kofia yake ya Ijumaa, akaiweka juu ya magoti. Alinyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, akamngojea Rai atoe pingu.